Mama Lebo, Aliyesimama Mlangoni pa Wanawake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne, Mama Lebo atavua aproni yake katika sehemu ya wanawake ya spa yetu. Barua inasema anastaafu. Ana miaka hamsini na minane; wengine hapa huondoka wakiwa na sitini. Ndiyo maana karatasi hii ya kumuaga tumeichapisha wenyewe, wanawake wa zamu ya asubuhi.

Alianza kwa kufua taulo. Akajifunza kukanda, akawa msimamizi, na taratibu zinazowavuta wageni kutoka mbali ni zake: mwanamke akandwe na mwanamke, shuka ifunike kitovu hadi magoti, na asipakwe mtu mafuta adhana ikiwa karibu. Simu hubaki kapuni. Mgeni mmoja aliificha yake ndani ya kilemba cha taulo, ikaita akiwa amelala kifudifudi. Mama Lebo aliliinamia taulo: "Haloo, mwenyewe anakandwa, piga baadaye." Tulicheka mpaka tukamwaga maji ya waridi.

Jina tulimpa sisi, maana hakuna chupa iliyoingia kwetu asiisome lebo yake mpaka herufi ya mwisho, miwani kwenye ncha ya pua. Mkaguzi wa cheti cha halali ni mwanamume, haingii kwa wanawake. Kila mwaka husimama nje ya pazia akauliza, Mama Lebo akajibu. Neno lake ndilo lililokuwa ukaguzi.

Mwaka huu meneja alileta krimu ya uso ya bei nafuu, yenye kolajeni ya mnyama asiyetajwa, huenda nguruwe. Mama Lebo alimwandikia muuzaji mara tatu kuuliza ni mnyama gani, asijibiwe. Meneja akamwambia, "Mama, jibu tu kama siku zote."

Mkaguzi alipouliza, alijibu: "Sheikh, krimu ya uso siidhamini."

"Na wenzako wanasemaje?"

Tulikuwa wakandaji sita nyuma ya pazia lile. Hatukusema kitu. Meneja akacheka, akasema mama amezeeka, macho yamechoka. Cheti kikatoka. Wiki hiyohiyo ikatoka barua.

Mimi nilikuwa na harusi baada ya siku tisa, na likizo yangu ilikuwa haijasainiwa na meneja. Ilisainiwa. Leo nina wiki sita za ndoa na mume ambaye nikisikia tu hodi yake moyo unaruka, na ngozi anayoisifu kila asubuhi ni kazi ya mikono ya Mama Lebo. Alikuja nyumbani kunisinga kabla ya harusi, barua ikiwa mkobani mwake. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alisema tu, "Geuka, mwanangu, mgongo bado."

Mama, asante kwa kila mgongo na kila chupa. Uamke utakapo, afya ikuandame, na apatikane wa kukukanda wewe. Siku ile sauti ya pili ingetosha. Nilikuwa nayo, nikaimeza.

Nenda salama, utuwie radhi.