Nilikuwa Nyuma ya Ukuta wa Afande Aol

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni yetu ya ulinzi, nawe Afande Ochan unayepokea leo stoo ya silaha, ndugu walinzi mliotoka zamu Luzira na Kamwokya bila hata kubadili mabuti, wageni waalikwa, na wewe Afande Aol, mama mtunza silaha tunayekuaga: nawasalimu nyote.

Mimi ni Kahambu. Wengi mnanijua kwa chai na kikomando, chapati zangu za maharage. Mtajiuliza, muuza chapati ana neno gani kuhusu bastola? Ninalo. Jiko langu limeegemea ukuta wa mabati wa stoo hii, na miaka yote nimesikiliza sauti ya mama huyu kama wengine wanavyosikiliza redio: "Mdomo wa bastola kwenye pipa la mchanga! Magazini nje! Koki! Tazama ndani! Tia kidole! Haya, mpe mwenzako naye aone!" Binti yangu Reine aliyajua hayo kabla ya kujua kuhesabu.

Wapo waliosema ni ukali tu wa polisi mstaafu. Basi sikieni.

Okwera, simama kidogo wakuone; usione haya, sote tunakupenda. Asubuhi moja ya mvua Okwera alirudi kutoka lindoni. Akatoa magazini, akakoki, hakuna risasi iliyoruka. Nani kati yenu asingesema ni tupu? Pipa la mchanga lilikuwa limezingirwa na wenzake, kwa hiyo akaielekeza bastola ukutani, tayari kufyatua ili springi ya kufyatulia ilegee, kama mnavyofanya kila mkirudi.

"Afande, iko tupu," akasema.

"Hiyo umeona wewe. Mimi bado sijaona. Toa kidole hapo!"

Akaichukua bastola, akatia kidole ndani. Ndugu zangu, upande wa pili wa mabati hayo nilikuwa mimi, nimeinama juu ya sufuria ya maharage, na Reine mgongoni. Nilipoitwa nikakiona mezani kile Afande alichokitoa ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa: risasi nzima, ya manjano, inang'aa. Springi ndogo inayobana ile ndoano ya kuvutia risasi ilikuwa imechoka. Ndoano ikateleza, risasi ikabaki. Nilikwenda nikamletea mama huyu chai.

Mlinzi mmoja akaleta koleo, aivute springi ile irefuke kidogo, iendelee na kazi. Tabia hiyo mnaijua wenyewe! Afande akamnyang'anya koleo. "Springi iliyochoka hairudishwi ujana," akasema, akaanza kufungua bastola zote, springi za magazini na nyinginezo, akizilinganisha na mpya. Iliyofupika haikurudi kazini. Chai yangu ilipoa mezani kwake.

Ni mtu wa namna gani huyu, anayekitazama kila siku kile ambacho sisi tumechoka kukitazama? Nimevikimbia vita Kongo, bunduki nimeziona nyingi. Mkono unaoziheshimu hivi sijauona. Namshangaa mpaka leo.

Afande Ochan, sasa hivi atakukabidhi bastola ya kwanza, na atakwambia ni salama. Mheshimu kama mama yako. Lakini usimwamini. Ielekeze mchangani, itazame, tia kidole, mbele yetu sote. Hatakasirika, hiyo ndiyo zawadi pekee aliyotuomba. Kisha mimi na Reine tutarudi nyuma ya ukuta wetu, tukapike.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Chai iko tayari.