Ufunguo wa Geti

Mbele yangu kwenye foleni ya basi la Riruta, mzee aliyetoka jela asubuhi hiyo alikuwa akimwomba chumba mama mwenye nyumba za kupangisha. Walikuwa wamejuana hapo hapo. “Ulifungiwa nini?” “Niliiba mabati ya kanisa.” “Basi yangu nitaongeza misumari.” Wakacheka.

“Mlango iko na komeo ya ndani, mama?” “Iko. Lakini geti nafunga mimi saa nne, na ufunguo nalala nayo.” Mzee akatikisa kichwa. “Kufungiwa tena, hapana. Afadhali nilale nje.” “Na hii baridi?”

Basi likaja. Kondakta akaanza kutuhesabu, na mzee akachuchumaa upesi, kama wafungwa wanavyohesabiwa. Hakuna aliyecheka.

“Simama, baba,” mama akasema, akimshika mkono. “Huku tunahesabiwa tukisimama. Ya geti tutabishana tukikaa.”