Mwalimu Tryphena Wakesho Kilonzo (1943–1999): Taya Lisilofungwa

Mbele yenu amelala Mwalimu Tryphena Wakesho, aliyezaliwa Bura tarehe 14 Aprili 1943, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwakio. Inasemekana kilio chake cha kwanza kilisikika hadi shambani kwa jirani, na familia haioni sababu ya kupunguza chumvi hiyo leo.

Alisoma huko huko Bura, akafuzu ualimu mwaka 1963. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kishushe, ambako mara nyingi alifika kwa miguu. Desemba 1966 alifunga ndoa na Titus Kilonzo, fundi wa reli, mtu mpole aliyekubali mapema kwamba katika nyumba ile neno la mwisho si lake. Kuanzia 1971 alifundisha darasa la kwanza mjini Voi. Hakuvumilia mtoto anayemung'unya maneno. "Fungua mdomo, hakuna anayekuja kukula!" aliwaambia.

Mwaka 1994 taya lake la kulia lilianza kutoa mlio wa kualika kwa kila tonge, kisha likawa linakwama. Siku nyingine kidole kimoja tu ndicho kilichopita kati ya meno. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa hiyo madaktari wa meno wakamng'oa gego. Maumivu yakabaki, wakang'oa la pili, la tatu na la nne. Yote yalikuwa mazima, naye akayahifadhi kwenye kikopo. Januari 1996 akaambiwa ugonjwa wake ni wa mawazo tu. Kazini nako ikaja barua: asipoweza kusoma kwa sauti mbele ya darasa kufikia Aprili, astaafu. Hapo ndipo alipokasirika kikweli.

Ridha, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa mpimaji wa altrasaundi katika hospitali moja ya mjini. Alikuwa amesoma kwamba mashine hiyo yaweza kutazama kiungo cha taya kikiwa kinatembea. Lakini mashine ilikuwa ya wajawazito. Jumanne tatu mfululizo Mwalimu akakaa kwenye benchi lao, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akifuma sweta.

"Mama, hii laini ni ya wenye mimba," daktari msimamizi alimwambia.

Mwalimu akamwaga magego yake mezani. "Nionyeshe lenye tundu, nami niende nyumbani."

Daktari hakulipata, akaruhusu apimwe. Ridha akachukua kishikio kidogo cha mashine, kile cha kupimia shingo, akakiweka mbele ya sikio la Mwalimu. "Mwalimu, fungua mdomo polepole. Haya, sasa funga. Tazama mwenyewe."

Pale kwenye kioo cha mashine, kile kisahani laini kinachokaa katikati ya kiungo kilikuwa kimeteleza mbele na kukataa kurudi, maji yamejaa kando yake. Kwenye daftari, katika safu ya wiki za mimba, Ridha akaandika: "Taya." Mwalimu alilia kwa hasira, akiyalilia magego yake manne.

Kwa majibu yale alikwenda kwa daktari wa meno Mombasa, akatengenezewa kifaa cha kuvaa menoni anapolala, akafundishwa mazoezi. Nyama ngumu hakuila tena. Lakini Aprili alisimama mbele ya darasa, mkaguzi amekaa nyuma, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Alistaafu Desemba 1998 kwa umri wake, wala si kwa barua ya mtu.

Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1999, kwa maradhi ya moyo. Wanawake waliokuja kumwosha walileta kitambaa cha kumfunga taya, kama ilivyo desturi. Bintiye Mshai akawasomea karatasi yenye mwandiko wa mama yake: "Msinifunge taya. Lilifungwa miaka miwili nikiwa hai, na nililipigania mwenyewe hadi likafunguka." Shangazi yake alinung'unika kwamba ni aibu. Kitambaa kikakunjwa, kikarudishwa mkobani.

Ameacha mume wake Titus, mwanawe Donald, bintiye Mshai, mjukuu wake Shanice, na watu wazima wengi wa Voi wasiomung'unya maneno. Mtakapopita kumuaga mtaona mdomo wake uko wazi kidogo. Msiinamishe macho, maana hakuna aliyezembea. Apumzike kwa amani Mwalimu wetu, na asithubutu mtu kumfumba.