Mbegu Haingoji Mazishi

Sogeeni karibu wanangu, lakini majembe msiyaweke chini. Jamleck, hiyo simu itie mfukoni, duka lako la misumari pale Nakuru halitahama kwa sababu umemsikiliza mama yako asubuhi moja. Kui, nivutie kiti kwenye jua, na blanketi niachie, maana baridi ninayoisikia leo si ya hewa. Na wewe Njuguna, kitinda mimba wangu, endelea kuchimba mstari wako huku ukisikiliza. Masikio hayashiki mpini. Nimekataa kuwaita kitandani kwa kuwa mtu akiagia kitandani, watu humsikiliza kwa machozi, wakatoka nje hawana hata neno moja mkononi. Mimi nataka mnisikie mkiwa na vumbi miguuni.

Sikilizeni. Daktari alisema yake, mwili wangu nao umesema yake, na naona wamekubaliana. Hilo halinitishi, nimekula chumvi ya kutosha. Kinachonitisha ni yale mawingu yanayojikusanya upande wa Nyandarua, na hili beseni la mbegu ambalo bado liko miguuni pangu. Desturi yetu mnaijua: maiti ikiwa haijazikwa, jembe halishikwi nyumbani, watu hukaa, huomba, huimba, hupika. Ni desturi nzuri na sitaitukana. Lakini nikitangulia mimi kabla ya hizi mbegu, mtaketi hapa wiki nzima na zaidi mkinililia, mvua ya kwanza inyeshe kwenye shamba tupu, na haya maharagwe yarudi pale pale yalipotaka kuishia siku za msiba wa baba yenu. Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili, na mengine yote ni watoto wake: bustani hii ipandwe yote leo, kwenye vumbi hili hili, nikiwa na pumzi au sina. Nikizimika katikati, nifunikeni uso kwa leso, mmalize mistari, ndipo mnipeleke mochari. Huko kuna baridi ya kutosha, nitangoja. Maiti hana haraka ya kwenda popote. Mbegu haingoji mazishi.

Cheka wazi, Njuguna, usifiche mdomo. Nimesema ili ucheke.

Siku baba yenu Kamande aliponileta hapa Eburru, Jamleck ukiwa mgongoni mwangu, hii ilikuwa ranchi ya mzungu iliyokatwa vipande, nyasi na mawe na upepo tu, hakuna mto wala kisima. Tulifika kukipambazuka, na nilipoinua macho nikaona mlima mzima unafuka moshi, huku moshi, kule moshi, katikati ya nyasi bila moto wowote. Nikamwambia, "Ai, Kamande! Wamekuuzia shamba linaloungua, na wewe ukasema asante!" Yeye aliinama akaweka kiganja juu ya ule moshi, akakigeuza, na kiganja kilikuwa kimelowa. Ulikuwa mvuke, wanangu. Chini ya miguu yetu kulikuwa na chungu kinachochemka, na hakuna aliyekiinjika isipokuwa Mungu.

Jirani yetu Kipkemoi alikuwa ametutangulia kufika, naye ndiye aliyetuonyesha. Alikuwa amelaza paipu kuukuu juu ya tundu la mvuke, ameiinamisha kidogo, na upande wa pili maji yalikuwa yakidondoka ndani ya debe, tone, tone, tone. Nilikaa mbele ya debe lile asubuhi yote, na wewe Jamleck ukilia njaa mgongoni, mimi nimeduwaa kabisa. Maji yanatoka kwenye moto! Ardhi inapumua, na ile pumzi yake sisi tunaipikia chai, tunaoshea watoto, tunanyunyizia kitalu cha sukuma wiki. Nimeyaona matone yale tangu ujana wangu na hata jana nilimwomba Kui anipeleke nikayatazame, na bado sijazoea. Mtu akizoea kitu kama hicho, amekufa na hajaambiwa.

Sasa nitawaambia jambo la hizi mbegu, maana mnajua kipande kipande tu.

Maharagwe haya mekundu yenye madoa meupe nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa, yakiwa yamefungwa kwenye kona ya leso. Kila msimu nilipanda, nikavuna, nikatenga ya mbegu, nikayachanganya na ule unga mweupe wa udongo wanaochimba kule Kariandusi, ili wadudu wasiyatoboe. Mnajua unga ule, hata mkono ukishika unabaki mweupe kama wa fundi wa chokaa. Basi baba yenu akafariki, tena mwezi wa tatu kama huu, mistari ikiwa imeshachimbwa na samadi imeshatiwa. Majembe yakalazwa. Wamama wa kanisa wakaja kunipikia waombolezaji, na Mungu awabariki, walikuja kwa mapenzi, walichanja kuni wenyewe. Siku ya tatu chakula kikapungua. Mmoja akaingia stoo, akaona gunia la maharagwe yenye vumbi jeupe, akadhani yamechafuka kwa kukaa. Wakaketi nje wakayachambua, waliyoyaona yamekunjamana wakayatupa, mazuri wakayaosha, wakayachanganya na mahindi, wakapika githeri ya watu wote.

Mimi nilikuwa ndani, kwenye godoro la msiba, macho yamevimba. Nikaletewa sahani. Nikaweka kijiko kimoja mdomoni na ulimi ukanishtua, maana ule utamu niliujua. Nilikuwa nimeulea mwenyewe. Nikauliza, "Haya maharagwe mmeyatoa wapi?" Yule mama akanijibu kwa fahari, "Yalikuwa machafu, mama, tukayaosha mara tatu." Nilikula, nikalia, na watu wakadhani namlilia Kamande peke yake. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, mwenyeji akaliwa mpaka mbegu.

Mvua ikaanza tukiwa bado tumekaa. Ikanyesha vizuri, ikanyesha kwa dharau, juu ya mistari mitupu. Tulipomaliza kuzika, sina mbegu, na mvua nayo ikakatika mapema. Ule mwaka nyinyi wadogo hamuukumbuki, Jamleck anaukumbuka, ona alivyoinamisha kichwa. Tulikula kilichopatikana na tukanyamaza pasipopatikana.

Asubuhi moja nikatoka kumwaga majivu kwenye jalala nyuma ya jiko. Nikaona majivu yamepasuka. Nikainama. Zile zilizotupwa, wanangu, zile zilizokunjamana ambazo wamama walisema hazifai hata kwa sufuria, zilikuwa zimetoka. Shingo zimejikunja, zimejiinua, na kila moja imebeba ganda lake kichwani kama mtu aliyetoka kwenye nyumba iliyobomoka akiwa na mlango wake kichwani. Hakuna aliyezipanda. Hakuna aliyezihesabu kuwa kitu. Nilipiga magoti pale kwenye majivu na takataka na maganda ya viazi, na nawaambia, hata siku ya kubatizwa sikumwogopa Mungu namna ile. Nilijiuliza, zimejuaje? Nani ameziambia juu ni wapi? Mpaka leo sijajibiwa, na naenda kumuuliza mwenyewe.

Lakini mvua ilikuwa imeisha, na jua lilikuwa kali, na paipu yetu ilikuwa imeziba kwa kutu tangu Kamande alale kitandani. Hapo ndipo jina la Kipkemoi linarudi. Mnajua tulikuwa hatusalimiani. Mbuzi wake walikuwa wameingia kwenye kabeji zangu wakamaliza zote, nami nilisimama kwenye ua nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia nikiwa karibu kufika kwa Mungu hivi. Miaka ikapita, yeye akija njiani mimi naangalia mlima. Basi aliniona nimepiga magoti kwenye jalala. Jioni nikasikia chuma kinagongwa, kutoka nje nikaona amegeuza paipu yake mwenyewe, ameipitisha juu ya ua, na mdomo wake unadondoka upande wangu. Yeye na watu wake wakawa wananywa kidogo, maharagwe yangu yakanywa ya kutosha. Kiburi kikanizuia kusema asante hadi kikanichosha. Haya yote yaliyo kwenye beseni ni watoto wa jalala lile na matone yale.

Njuguna, mstari unapinda. Tazama kamba, usinitazame mimi.

Basi sikieni ninavyogawa. Shamba la juu la mahindi mgawane kama baba yenu alivyoonyesha, sina la kuongeza. Ng'ombe ni wa Kui, kwa kuwa ndiye aliyerudi nyumbani akaninyanyua na kunilaza. Lakini bustani hii ya mboga, kutoka kwenye ile mikaratusi hadi ua wa Kipkemoi, isikatwe. Jamleck, najua umeongea na serveya aje kuipima na kuikata, na sikukasirika. Wewe ni kifungua mimba, unataka mambo yanyooke. Ila fikiri kidogo. Mvuke unatoka kwenye kona moja tu. Ukiikata bustani vipande vitatu, mmoja atapata maji, wawili watapata vumbi na hasira, na wajukuu wangu watarithi hasira. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilimeni pamoja, mvune pamoja, na asiyekuja kupanda asilaumu akikuta wenzake wameshachuma.

Na mpande hivi. Maharagwe yaingie chini, viungo viwili vya kidole, kwa sababu hii ni mvua ya kudanganya inayotangulia. Inalowesha ngozi ya ardhi halafu inaondoka, na mbegu ya juu juu huamka ikafa kwa kiu. Iliyo chini hukaa na subira ikangoja mvua yenyewe. Karoti zichanganyeni na mchanga mkavu mnapomwaga, zisisongamane kama watu wa sokoni. Minji, zile njegere, upande wa juu kwenye baridi. Sukuma na kabeji ziacheni kwenye kitalu, zinyweshwe matone, mzihamishe ardhi ikilowa hadi mkono unapozama. Malenge pembeni, huko yatembee yapendavyo. Managu, ile mnavu, msipande. Pale lilipokuwa zizi la zamani kwaruzeni tu udongo, halafu mngoje. Mbegu zake zimelala humo tangu ng'ombe wa zizi hilo wafe, na zikisikia mvua zitaamka zenyewe. Kwaruza tu. Utaona.

Ile mistari miwili ya mwisho, iliyo kwenye ua, ni ya nyumba ya Kipkemoi, msimu huu na kila msimu. Amezeeka, masikio yameziba, na mke wake Jepleting haoni vizuri. Msiwaambie waje kuchuma, chumeni nyinyi mpeleke juu ya ua, kama maji yalivyokuja. Atakayekula mistari ile hajala mboga, amekula neno langu.

Na kwenye mazishi yangu pikeni wali, pikeni waru, viazi vyetu, nunueni mbuzi kule Kikopey mkitaka kuonekana. Lakini debe la mbegu za akiba Kui alitie chini ya kitanda chake na alale juu yake, hata aje askofu.

Nimechoka. Subirini kidogo.

Kui, leta beseni hapa magotini. Nataka kuzitemea mate ya baraka, kama mama yangu alivyonitemea mimi. Ona... kinywa kimekauka. Mzazi mzima, mate ya kubariki hana! Siku ya kufa nyani, kweli. Nenda pale kwenye paipu, uniletee maji kidogo kwa kikombe. Si ya tangi. Yale yanayodondoka sasa hivi.

Asante. Yana joto bado.

Haya. Thaai. Thaai, amani iwe kwenu. Jamleck, kichwa chako. Uwe mti wenye kivuli kwa wenzako, na duka lako lisikose mtu. Kui, wewe... wewe mikono yako nimeijua kuliko yangu. Isikose kitu cha kushika. Njuguna, upate mke mwenye kelele, nyumba hii isinyamaze. Mpendane. Mkikosana, kosaneni asubuhi, jioni mle pamoja. Mungu aliyeinjika chungu hiki chini yetu asiwaondolee mvuke wake.

Na hizi... hizi ndizo zangu. Hii konzi. Nisogezeni kwenye shimo la mwisho pale, na kiti hivyo hivyo. Polepole. Hapo. Vidole haviinami, Kui, nishike mkono, tuzitie pamoja. Moja. Na nyingine. Ona zilivyo nyekundu. Funika, lakini usikandamize... usikandamize sana, zina njia ya kupita.

Upepo umegeuka. Mnasikia harufu? Hiyo ni mvua, imeshafika ziwani kule chini.

Mbona mmesimama, wanangu? Mstari haujaisha.