Uso wa Thắm Dirishani kwa Khiêm

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, Mzee Khiêm na Mama Cúc wenye studio yao, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi jamaa wa nyuma mliofuata harufu ya nguruwe wa kuchoma: kila mmoja na apokee salamu kwa cheo chake.

Mimi Lành, muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara, ndiye niliyeombwa kuifungua studio hii ya picha iliyokarabatiwa, na hamkukosea. Shule niliiacha njiani, lakini Singapuri nimefika, na hapa Sa Đéc, labda Vietnam nzima, hakuna anayeijua sheria mpya ya kulinda taarifa binafsi za watu kunishinda. Mheshimiwa, usicheke. Wewe uliisoma, mimi niliiona ikipigana.

Nani hapa hakumjua bibi harusi wa dirishani? Kila studio ya harusi mjini huweka picha yake nzuri kuliko zote dirishani, itazame barabara, na tangu lini mtu akaulizwa? Khiêm alimweka Thắm na mumewe Toàn, wakubwa kuliko mlango. Wakaachana. Picha ikabaki, wameshikana viuno.

Thắm akaposwa tena. Kijana aliyemposa alijua kila kitu, ila mama yake alikuwa bado hajaambiwa. Siku ya kuja kuona ukoo wa Thắm, yule mama akakaa wapi? Kwangu. Akatazama ng'ambo.

"Bwana, yule si mkwe wangu?"

"Ndiye, mama."

"Na mwanamume?"

Nikatumia akili zangu zote za Singapuri: "Binamu yake."

"Binamu gani anashikwa hivyo?" Akaiacha kahawa, akaondoka. Posa ikaning'inia.

Thắm akavuka barabara kama moto. "Mjomba, toa picha yangu!"

"Kamera yangu, taa yangu, picha yangu," akasema Khiêm.

"Na uso?"

Hapo fundi wetu, ambaye kwa ubishi hana mpinzani, akafanya nini? Akambandika Toàn ua la yungiyungi usoni! Mji mzima ukaja kumwangalia bwana harusi mwenye petali. Ndipo Mheshimiwa akaja na sheria: uso ni wa mwenyewe, ukiutaka kwa biashara omba ridhaa, na akikukataza, uondoe. Khiêm akauondoa, akalia kwamba biashara imekufa.

Imekufa? Siku hizi anauliza kila mteja, na mabibi harusi wanagombania dirisha!

Thắm naye alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akamweleza yote. Mama akasema, "Anayeupigania uso wake hivi, hata nyumba yangu ataipigania." Wameoana mwezi uliopita, na Khiêm ndiye aliyepiga picha. Akamwomba ile nzuri kuliko zote aiweke hapa. Thắm, simama uwaambie ulimjibu nini. Hutaki kusimama? Kaa, dada, haki yako. Alimjibu, "Hapana, mjomba." Na Khiêm, tumpigie makofi, akakubali!

Basi nyuma ya pazia hili jekundu yuko nani? Navuta... Ala! Khiêm na Mama Cúc, siku ya ndoa yao! Tazameni kiuno kile, tazameni...

Mama Cúc, mbona umesimama? Sema kwa sauti, mama, wa nyuma wasikie.

Anasema yeye hakuulizwa.

Khiêm, rudisha pazia.

Studio imefunguliwa, ndugu zangu. Kwa masikio yenu nashukuru sana, na asanteni kwa kunivumilia. Anayetaka kahawa avuke barabara. Kwangu hatuulizi hata jina.