Dada Yetu Umepitia Wapi na Miaka Yake Ndani ya Kiini

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokaa naye ofisini kuliko sisi tulivyokaa naye nyumbani, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kumsimulia dada, nami naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1972, mtoto wa pili kati ya wanne, wa baba fundi wa lifti na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Hata kabla hajaanza shule alikuwa mtu wa kuuliza, na swali lake lilikuwa moja, kwamba baba akirudi jioni na mafuta ya mashine mikononi, hajavua hata viatu, anaulizwa, "Umepitia wapi leo?", naye baba, hoi kwa uchovu, anakaa kwenye kigoda na kumtajia majengo yote, na lifti iliyogoma ilikwama kati ya ghorofa ipi na ipi, ndipo jina la Umepitia Wapi likamganda maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1986. Kompyuta ya kwanza aliiona mwaka 1990, na hakuiona darasani, bali mama alipopewa kazi ya kushona vifuniko vya kukinga vumbi kwa chuo kimoja akaenda naye kupima, binti akasimama mbele ya zile mashine na futi mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma, mpaka mama akamwambia, "Wewe, tumekuja kuzipima, hatukuja kuziposa." Alihitimu shahada ya hisabati tarehe 18 Novemba 1995.

Mwezi Februari 1996 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza mitambo ya simu, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka maradhi yalipomtoa. Kazi yake ilikuwa kuandika ile programu ya chini kabisa, inayoitwa kiini, ambayo programu nyingine zote zimesimama juu ya kichwa chake, na kwa kuwa kila tukipiga simu tuliambiwa yuko kwenye kodi, ndivyo ofisini walivyoyaita maandishi ya programu, mama yetu alikwenda kaburini akiamini binti yake ni mtoza kodi mkali, na dada hakuwa na moyo wa kumsahihisha, maana mama alikuwa akijivunia hilo sokoni.

Mwaka 2008 mitambo ya kampuni ilianza kuduwaa, inasimama kitambo kidogo kisha inaendelea kama hakuna kilichotokea, na watu wanakatikiwa simu katikati ya maneno. Kiini kina maelfu ya vipande vidogo vinavyoitana, na hakuna aliyejua muda unapotelea katika kipande gani. Mashine za aina nyingine zilikuwa na njia ya kuvifuatilia vipande hivyo, kila kimoja kikianza kinaacha alama, lakini kwa mashine za kwao njia hiyo haikuwepo, dada akasema ataileta, na atazidisha, alama iwepo kipande kinapoanza na iwepo kinapomaliza, ili ijulikane kimekaa muda gani. Meneja alimpa mpaka mwisho wa mwaka uliofuata, akishindwa kazi hiyo inafungwa na yeye anahamishiwa kupokea malalamiko ya wateja, jambo ambalo, kwa ulimi aliokuwa nao, lingewaumiza zaidi wateja.

Siku ya kwanza kuiwasha, mtambo uliganda kama jiwe, kumbe kipande cha kufuatilia kilikuwa kinajifuatilia chenyewe, sawa na karani wa mlangoni anayeandika kila anayeingia, halafu akaanza kuandika kwamba anaandika. Wenzake wanasema alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akainuka akarekebisha. Lakini kiini kile hakikuwa mali ya kampuni peke yake, kilitunzwa na mafundi wa sehemu mbalimbali, na mtunzaji wa upande wa mashine za aina yao, ambaye bila idhini yake hakiingizwi kitu, alimjibu kwa mstari mmoja, "Kazi nzuri, ila hata ikizimwa inaichelewesha mashine, haipiti." Dada hakula siku ile. Walibishana kwa barua pepe miezi na miezi, anatuma, anakataliwa, anatukana nyumbani, anaandika kwa adabu ofisini, mpaka alipopata namna ya kuzifuta alama zote wakati hazitakiwi na kuzirudisha zikitakiwa, na tarehe 22 Oktoba 2009 likaja jibu, "Imepita, sina la kuongeza." Wiki ileile alikipata kipande kilichokuwa kinakula muda, kikingoja jibu kutoka kwenye kifaa kilichokwisha kuondolewa zamani, kinapiga hodi kwenye chumba kisicho na mtu.

Mtunzaji yule, mwanamume aliyefiwa na mke na mwenye mtoto wa kiume, walikutana naye ana kwa ana mwaka 2010 kwenye mkutano wa mafundi, na tarehe 16 Aprili 2011 wakafunga ndoa, shangazi akasema mbele za watu kwamba wanaume wote waliomkubali huyu mtoto aliwakataa, aliyemkataa ndiye kampata. Mlioingia nyumbani kwao mnakikumbuka kile chumba cha nyuma, meza mbili zinazotazamana, feni inayokwaruza, vikombe vya chai vilivyosahauliwa, na wao wawili wakibishana juu ya mstari mmoja huku wameshikana mikono.

Binti yao alizaliwa tarehe 5 Januari 2013. Yule mtoto wa kiume wa mumewe, aliyemlea tangu ana miaka kumi na mmoja, aligombana na baba yake mwaka 2018 akaondoka, simu imezimwa, karibu miaka miwili. Aliporudi, na sisi baadhi tulikuwa sebuleni, kila mtu alilingoja lile swali, lakini dada alipokea begi, akasema, "Ingia baba, maji ya kuoga yapo," na hakumuuliza siku ile wala siku nyingine, kijana akayasema mwenyewe, kidogo kidogo, wakiosha vyombo.

Mwaka 2022 aligundulika na saratani ya ini. Mwezi Machi mwaka huu wa 2024, akiwa wodini, alimkabidhi kazi yake ya kiini, ya kupitisha au kukataa yanayotumwa na mafundi wengine, dada mmoja wa ofisini, ambaye yupo hapa, akamwambia, "Sasa wakusumbue wewe, na ukikataa, toa sababu." Alifariki tarehe 27 Juni, asubuhi, mumewe akimpaka mafuta miguuni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli alipoutaka, majirani mliopika na kufagia bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake mliopokezana kukesha naye. Binti yake ameomba nasi tuyaseme haya, kwamba mama alikuwa anaimba vibaya sana akipika, na kwamba jikoni sasa ni kimya.

Pumzika salama, dada.