Jiko Ndani ya Stoo ya Mutalemwa

Kijiwe chetu kiko Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira, na benchi lenyewe ni nguzo ya umeme iliyoanguka zamani tukailaza juu ya matofali. Siku nyingine hapa tunabishana mpira na ndoa za watu. Ijumaa ile hakuna aliyetaja mpira. Asubuhi, kulipopambazuka, Selina, mke wa Nestory, alitolewa ndani ya stoo ya Mzee Mutalemwa akiwa amelegea, haitiki, na mtoto wake wa siku tisa akiwa hivyo hivyo. Walikuwa wamehamia humo Jumatano tu, baada ya mvua kushusha maji kutoka kwenye mawe ya mlimani na kuangusha ukuta wa chumba chao. Nestory alikuwa analala kwa jirani kwa kukosa nafasi. Ndani ya stoo walilala Selina, mtoto, na Bibi Bernadeta, mama yake Nestory, aliyekuja kutoka Misungwi kumhudumia mzazi. Bibi peke yake ndiye aliyetoka kwa miguu yake.

Kabla hajapanda bajaji kuwafuata hospitali, Nestory alitugeukia. "Wakubwa zangu," akasema, "watu wameshaanza kusema ni mama. Mimi akili yangu imesimama. Kaeni, jadilini, saa nne napiga simu. Mkisema aondoke, anaondoka na gari la mchana, na kwangu hakanyagi tena." Mtu mwenye akili angekataa kazi hiyo. Sisi tuliagiza kahawa.

Tulikuwa wanne. Mzee Mutalemwa, mwenye stoo, tunamwita Utafiti, na ukimsikiliza dakika mbili utajua kwa nini. Deodatus wa bodaboda ni VAR, maana kila jambo lazima alirudishe nyuma alitazame upya. Ngosha anapakua samaki Mwaloni, sokoni kando ya ziwa, na jina lake linamtosha. Mimi ni Katibu, kwa sababu misiba yote ya mtaa huu michango naandika mimi. Nathaniel, muuza kahawa wetu, alikuwa anamimina. Hatua thelathini kutoka kwetu, mlangoni mwa stoo, Bibi Bernadeta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, khanga kichwani, hasemi na mtu.

— Mimi bado siamini, alianza VAR. Yule mtoto nilimpokea hivi, shingo haina nguvu kabisa. Jamani! Siku tisa tu duniani!

— Walikula nini? akauliza Ngosha.

— Ugali na dagaa, akajibu VAR.

— Basi ni dagaa. Siku hizi wanawapulizia dawa ya nzi, nawaona kwa macho yangu.

— We Ngosha, mtoto wa siku tisa anakula dagaa?

— Ananyonya! Mama kala, maziwa yamebeba.

— Na bibi naye kala hao hao.

— Bibi hana meno. Kanywa mchuzi.

Mzee Mutalemwa akaweka kikombe chini taratibu, kama anavyofanya akitaka tunyamaze.

— Vijana, tulieni. Utafiti unaonyesha kwamba mnara wa simu, ule pale juu ya mawe, mvua ikinyesha mawimbi yake hayapandi. Yanashuka. Na stoo yangu ni bati juu, bati ubavu mmoja. Yanaingia, hayatoki.

— Utafiti wa nani, mzee?

— Utafiti.

— Sasa mzee wangu, mbona kuku wako wanalala ubavuni mwa stoo hiyo hiyo na leo wamewika?

— Kuku hana simu.

Hapo siku nyingine ningecheka mpaka kahawa itoke puani. Siku ile sikucheka. Nilikuwa namtazama yule bibi na kuona jinsi alivyokishika kichwa kwa mikono yake miwili.

— Turudishe nyuma, akasema VAR. Saa tatu wameingia kulala. Jiko la mkaa limeingizwa kwa ajili ya mzazi na mtoto, baridi ile si mchezo. Lakini Nestory alilipepea nje mpaka moshi ukaisha wote. Kwa hiyo moshi tuutoe.

— Tuutoe kabisa, nikasema mimi. Niliuona ule mkaa. Mwekundu kama nyanya, hata chembe ya moshi hakuna.

— Sawa. Moshi hakuna. Hoja ya chakula tumeitilia shaka. Mimi nasema wezi. Siku hizi wanapuliza dawa ya usingizi kwenye tundu la ufunguo, nyumba nzima inalala kama magogo.

— Wakaibe nini, VAR? Televisheni ilishabebwa na maji.

— Ndiyo maana hawakuiba!

— Acheni masihara, akasema Ngosha, akajiburuta juu ya nguzo akasogea karibu. Ziwa limepanda. Mmeliona lilipofika? Mwaloni wanasema maji yakipanda hivi kuna kitu kinafuatana nayo, na hicho kitu kinatafuta mtoto ambaye hajatolewa nje.

— Wanasema akina nani?

— Watu.

— Na hicho kitu kikapita wapi, kwenye tundu la ufunguo pia?

— Mtu alikifungulia mlango.

Alilitamka hilo polepole, halafu akageuza shingo kuelekea kwenye ile ndoo. Na sisi tukageuza. Sijui nani alianza kuvuta pumzi kwa nguvu, huenda ni mimi.

— Nawauliza swali moja tu, akaendelea. Kwa nini bibi hakuzimia?

Kisha, na hili linanitia aibu kulisimulia, tukaanza kujibu kwa kupokezana, kila mmoja akileta kipande chake.

— Selina mwenyewe aliniambia jana, akasema VAR, kwamba bibi usiku anatoka nje mara tatu, mara nne. Anaenda wapi?

— Anasema chooni.

— Mara nne?

— Na asubuhi nani alifungua mlango? Yeye. Nani alipiga kelele za kwanza? Yeye. Kajuaje kwamba wenzake hawaamki?

— Na jiko nani alilitaka? "Mzazi wangu hawezi kulala na baridi." Maneno yake hayo, tuliyasikia wote.

— Halafu macho yake mmeyaona? Mekundu.

— Mimi ni Mlutheri, akasema Mzee Mutalemwa, na mambo hayo siyaamini. Lakini stoo ni yangu, miaka kumi na minne, na stoo yangu haijawahi kumdhuru mtu.

Alipomaliza kusema hivyo nilielewa kwamba mzee naye alikuwa anaogopa, na kwamba ingekuwa nafuu kubwa kwake kama kosa lingepanda gari likaenda Misungwi. Ingekuwa nafuu kwetu sote. Ngosha akasema tupige kura, wanaotaka bibi aondoke wanyooshe mkono. VAR akanyoosha. Mzee akanyoosha kidole kimoja. Nasema kweli tupu: mkono wangu ulikuwa umeshafika begani.

Ndipo akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa lililofunikwa nailoni. Hatukumjua. Alikuwa mtu mzima, viatu vya matairi, suruali imerowa mpaka magotini.

— Mwangaluka, akatuamkia Kisukuma.

— Mwangaluka, Ngosha akamwitikia.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, akasema Mzee Mutalemwa. Karibu. Mgeni wa wapi?

— Naitwa Maige, natoka Magu, nauza mkaa. Namtafuta bibi mmoja, Bernadeta. Jana aliniagiza debe, akaniambia niulize stoo ya Mutalemwa.

— Umechelewa, kaka, akasema VAR. Bibi anaondoka leo.

Na kwa vile mdomo wa VAR hauna breki, akamwaga yote: mzazi, mtoto, bajaji, mnara, dagaa, ziwa, macho mekundu, kura. Maige alisikiliza akiwa ameshika usukani. VAR alipofika kwenye kura, Maige aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta, akajifuta jasho usoni kwa kiganja.

— Jiko lililala ndani? akauliza.

— Ndiyo, lakini moshi ulishaisha.

— Mlango ulifungwa?

— Kwa mvua ile, wewe ungeacha wazi?

— Hewa ilikuwa inapitia wapi?

VAR akafungua mdomo.

— Si dirisha…

Akaufunga. Dirisha alilifunika yeye mwenyewe Jumatano kwa turubai, akapigilia misumari ukingo mzima.

Ngosha akatazama chini. Yeye ndiye aliyeshona gunia refu la mchanga la kulaza chini ya mlango, akamfundisha bibi kulirudisha vizuri kila anapoingia. Mzee Mutalemwa alikuwa amekata maboksi akayashindilia kati ya bati na ukuta. Yakabaki matundu ya hewa juu kabisa, sita, yale ya tofali. Matundu hayo niliyaziba mimi. Nilipanda juu ya kigoda nikiwa na karatasi za mifuko ya saruji, nikayajaza moja moja, na Selina akiwa chini na mtoto mikononi akaniambia, "Asante kaka Katibu, sasa hata mbu hapiti." Tulifanya kazi ile tukicheka. Tulirudi hapa kijiweni tukajisifu kwamba mtaa wetu una watu.

Maige akatutazama mmoja mmoja.

— Mkaa una hewa yake, akasema. Haina harufu, huioni. Moshi una heri, unakukohoza unakimbia. Hii haikukohozi. Kichwa kinauma, miguu inaisha nguvu, unadhani ni usingizi. Mkaa ukishakuwa mwekundu hivyo mnavyosema, ndio unaitoa vizuri tu.

— Wewe umejuaje?

— Mdogo wangu na mkewe. Walikuwa wanalinda mpunga, wamejenga kibanda cha turubai, baridi ikazidi wakaingiza jiko. Asubuhi tuliwakuta wamelala vizuri, blanketi mpaka kidevuni. Hawakuamka. Mkaa niliwapa mimi, sikuwauzia.

Nathaniel akasimama na kikombe mkononi akasahau kukijaza. Maneno yote tuliyokuwa tumeyasema tangu asubuhi yalinirudia.

— Na bibi? akauliza Ngosha, sauti imemwisha. Kwa nini yeye hakuzimia?

— Si mmesema alikuwa anatoka? Kila akitoka anavuta hewa ya nje. Kila akifungua mlango, na wale wa ndani wanapata kidogo. Asingekuwa na safari zake za chooni, leo msingeita bajaji. Mngekuwa mnaagiza turubai la msiba.

— Sasa mtu na mtoto mchanga apate joto vipi? akasema Mzee Mutalemwa. Ni mara ya kwanza namsikia akiuliza kitu bila utafiti.

— Jiko libaki nje, mzee. Mnaota moto nje, barazani, mkiingia ndani jiko mnaliacha huko huko. Mtoto anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mnawafunika blanketi wote wawili. Mke wangu walimfundisha hivyo kliniki. Na matundu yaachwe.

VAR alishaondoka. Tulimsikia upande wa pili anang'oa misumari, mmoja baada ya mwingine, na turubai likapiga upepo. Bibi Bernadeta aliinua kichwa kumtazama, hajui kinachotokea, akavuta miguu yake pembeni asimzuie.

Saa nne kasoro simu yangu ikaita. Ilikuwa Nestory. Nikaitazama ikiita. Mzee Mutalemwa akatazama ziwa, Ngosha akatazama viatu vyake, na Katibu ni mimi.

— Nestory. Wakoje?

— Selina amefungua macho, bado anatapika. Mtoto yuko kwenye oksijeni, wanasema tusubiri. Madaktari wananiuliza walikunywa nini, sijui niseme nini. Mmeamuaje kuhusu mama?

— Nisikilize. Nenda kwa daktari sasa hivi, usikate simu, mwambie jiko la mkaa lililala ndani na chumba kilizibwa. Mwambie hivyo hivyo.

Nilisikia viatu vyake vikikimbia, kisha sauti za watu, kisha mtu anasema, "Mbona hukusema mapema?" Ukapita muda mrefu. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

— Kwa hiyo si mama.

— Si mama. Mama ndiye aliyewaokoa. Walioiziba ile stoo ni sisi, Nestory. Matundu niliyaziba mimi.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningepumua. Hakufanya hivyo. Nilimsikia akilia kidogo kidogo, kama mtu anayejificha, halafu akajikaza.

— Mama amekula? akauliza.

Nikamtazama Ngosha. Ngosha akamtazama mzee. Tangu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumekaa hapa tukimjadili yule bibi, hatua thelathini tu, naye alikuwa amevuta hewa ile ile usiku kucha, na hakuna aliyekuwa amemwendea hata kumuuliza kichwa kinamuumaje.

— Katibu? Mama amekula?

Nikamgeukia Nathaniel nimwombe kikombe cha kahawa nimpelekee bibi. Akaliinamisha birika mpaka mwisho. Tulikuwa tumeimaliza yote.